Klori Katika Tangi la Mjomba

Bado naiona siku ile, mwanangu, siku niliyowaua samaki wa mjomba wangu kwa usafi. Mjomba alikuwa ametutoka, na ndugu walikuwa njiani kutoka Butembo kuja kuondoa kilio, kufunga matanga, nyumbani kwake mtaani Himbi, kando ya ziwa. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini, najiona najua kazi zote za nyumba.

Mjomba aliacha tangi la kioo sebuleni, na ndani yake samaki saba wenye mistari waliotoka Uvira. Kila asubuhi mjane wake, Mama Kavira, alikaa mbele yao na chai yake akiongea na mumewe kwa sauti ya chini. Mimi nilijifanya sisikii.

Mawe ya tangi yalikuwa na utelezi wa kijani, na sponji ya pampu ilikuwa nyeusi. Niliona aibu. Wageni watasemaje? Basi Mama Kavira alipokwenda sokoni niliwatia samaki kwenye beseni, nikasugua mawe na sponji kwa klori mpaka vikang'aa, nikamwaga maji yote, nikajaza mapya ya mabidoni, madumu yetu ya plastiki, tuliyoteka ziwani asubuhi, kisha nikawarudisha samaki. Unajua desturi yetu: pale ufukweni yupo mtu wa sindano, anatia klori kwa bomba la sindano katika kila bidoni lililotekwa, kwa sababu ya kolera. Nilijiambia kwamba kama tunayanywa sisi, samaki ni nani wayakatae?

Haikupita saa, wote walikuwa juu wanahema. Nilimwita Muzee Bahati, jirani yetu, mwalimu wa kemia aliyestaafu. Alinusa tangi tu.

“Mutoto, hii maji ni ya batu. Kimbia ku ziwa, leta yenye haina klori.”

Nilipofika na kuteka, mtu wa sindano alikuwa tayari amenyoosha mkono.

“Papa, usitie, ni ya samaki!”

“Kolera haijue samaki, dada.”

Nilimwapia kwamba hakuna atakayeyanywa, na machozi yakanitoka mbele ya foleni nzima. Akaniacha nipite.

Tuliokoa wawili. Mama Kavira alirudi akawakuta watano kwenye sahani. Hakunigombeza, na ningefurahi angenigombeza. Aligusa mawe, akasema, “Hii mawe aliipanga na mikono yake.” Kisha akaenda kuwapokea wageni.

Aliyenikaripia ni Muzee. “Ulizani ni uchafu? Mu ule utelezi munaishi vidudu vidogo. Mikojo ya samaki ni sumu, na bile vidudu njo vinaivunja. Umeviua vyote. Hawa wawili, sasa utabachunga weye.”

Nikawachunga. Kila siku nilitoa sehemu ndogo ya maji na kurudisha yaliyokaa wazi kwenye beseni siku mbili, klori ikiwa imetoka. Chakula niliwapa kidogo mno. Muzee alikuja na vikaratasi vyake vya kupimia, na wiki za kwanza vilionyesha sumu mpaka nikaogopa kuvitazama. Nilitaka kutumia mvua ya paa, akakataa: inashuka na majivu ya volkano, tena ni laini mno kwa samaki waliozoea maji magumu. Utelezi wa kijani uliporudi kwenye mawe, nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Na asubuhi moja Mama Kavira aliweka vikombe viwili vya chai mbele ya tangi, kimoja changu.

Mwanangu, tangi usilibadilishe maji yote kwa siku moja. Toa robo, acha robo tatu. Maji yenye klori yaache wazi kwanza, na sponji ikamulie katika maji ya tangi lenyewe. Na ukiona kitu cha mwenzako kimechafuka, muulize kabla hujashika brashi. Mimi sikumuuliza Mama Kavira, na samaki watano wa mumewe walikufa siku ileile tuliyomwondolea kilio.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka, na akuwekee karibu watu wa kukukaripia mapema. Amina.