Ukurasa wa Nne Ulioonyesha Ufunguo Wetu

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mkutubi anafuta meza kwa kiganja, anaegemeza simu kwenye kopo la penseli ili irekodi, anamgeukia mtoto. "Haya, mwandishi, anza."

Mtoto anasimulia. Mchana mkutubi anachapa, anaongeza michoro, na kabla hajafunga mlango kitabu kimeshaingia kwenye ukurasa wa maktaba mtandaoni. Mwenye simu anakisoma bure. Kwa miaka miwili ametoa vitabu thelathini na saba, peke yake, kwa kompyuta inayozimika ukigusa waya.

"Rafu zilijaa hadithi za watoto wa mbali," anasema. "Nikasema, wetu nao wana midomo."

Midomo wanayo. Cha thelathini na saba ni cha binti yangu wa miaka minane, anayetoka shule na kufungua nyumba mwenyewe. Ukurasa wa nne unasema: "Mama akienda kazini anaficha ufunguo chini ya ndoo ya bluu." Ndoo imechorwa, na mshale juu yake.

Nilijua hayo siku muuza mboga aliponisalimu, "Habari, Mama Ndoo," watu wakacheka.

Nilifika maktaba nimejaa maneno. Mkutubi akasoma, akashika kichwa. Alisema alikipitia mara tatu, akitafuta herufi zilizokosewa tu. Akakifuta palepale. Lakini watu arobaini na watatu walikuwa wameshakipakua.

"Kingekuwa cha karatasi ningezunguka kugonga milango, dada," alisema. "Hiki nigonge wapi?"

Nimgombeze nani? Yeye aliyemfanya mwanangu apende kusoma? Mtoto, anayemwonyesha kila mgeni jina lake kitabuni? Au mimi, niliyesaini fomu ya ruhusa bila kuuliza?

Kufuli nimebadili, usingizi bado haujarudi. Wazazi wenzangu, mtoto akiitwa kusimulia, nendeni mkasikilize. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata siku hizi ina kitabu.

Mkutubi sasa anapanga kila kitabu kisomwe kwa sauti mbele ya mzazi kabla ya kutolewa. Anataka pia kukirudisha cha binti yangu, bila ule ukurasa. Na ni yeye aliyesema mtoto akitoka shule anisubiri maktaba, asiingie nyumba tupu.

Nimekubali. Jana nilimkuta mwanangu pale mezani, simu iko kwenye kopo. Anasimulia cha pili. Kinahusu kufuli mpya.

Mkutubi akaniona mlangoni, akavuta kiti. "Kaa hapa, dada. Tulikuwa tunakusubiri wewe."