Nikodemo na Mlango wa Kipanya

Nikodemo alikuwa fundi wa milango ya vipanya, yale mabasi madogo ya abiria, pale Area D. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, magari ya mitumba yaliingia Dodoma kwa wingi, na kilichotangulia kuchoka ni ule mlango wa kuvuta ubavuni. Nikodemo aliurekebisha akiusemesha kama mgonjwa. "Haya baba, pole, sogea kidogo." Watu walimcheka. Mimi nilimpenda, ni mcha Mungu, na ndoa yake niliisimamia mimi.

Mwanawe wa kwanza alipofika siku ya kubatizwa huko Buigiri, Nikodemo alikodi kipanya kimlete mtoto pamoja na mama mkwe wake, Bibi Evelina. Kwa heshima akaikaza ndoano ya kitasa, mlango usije ukafunguka njiani mkwe akadondoka. Yeye mwenyewe alitangulia alfajiri kwa baiskeli, maana kwetu Wagogo mwanamume hakai na mama mkwe wake, hamtazami, wala hamsemeshi.

Tulifika kengele ya pili ikilia. Mimi na Angelina, mama wa mtoto, tulishuka kwa mbele tulikokaa na dereva. Nyuma alikuwa Bibi na mtoto, na mlango wao ukagoma. Ule wa kisogoni ulishachomelewa zamani. Mchungaji akachungulia, akasema akimaliza kubatiza waliopo anakwenda mtaa mwingine, harudi mpaka baada ya mavuno.

"Mama, nipe mtoto dirishani," Angelina akasema.

"Mjukuu wangu haendi kwa Bwana kwa kupitia dirishani kama mwizi. Na mimi siruki viti."

Nikodemo akaja, macho kwenye tairi. Kazi ilitaka watu wawili: yeye asukume kwa bega, na aliye ndani avute kijiti cha kitasa wakati huohuo.

"Mama Joel," akaniambia mimi, "mwambie mama avute."

"Bibi, anasema vuta."

"Mwambie nimevuta."

"Amevuta."

Lakini bega la Nikodemo lilikuwa limeshaacha kusukuma. Tukarudia, na kila neno likipitia kwangu linachelewa. Kanisani wakaanza wimbo wa ubatizo.

Nikodemo akafumba macho, nadhani aliomba. Kisha akaweka mdomo kwenye bati.

"Wewe mlango, baba yangu. Nikisema sasa, vuta."

Sauti ya Bibi ikatoka ndani: "Mlango umesikia."

"Sasa."

Ukaachia mara moja, na Nikodemo aliyeuegemea akaingia ndani mzimamzima mpaka miguuni pa mkwe. Bibi akajifunika kitenge usoni. Nikodemo naye akajifunika uso kwa kitambaa chake cha grisi.

Basi tukaingia kanisani wote mbio. Mchungaji, maji mkononi, akamtazama yule mwenye uso mweusi wa kung'aa akauliza, "Na huyu ni nani?"

Bibi akajibu bila kugeuka, "Ni mlango."

Mtoto akabatizwa. Hadi leo Bibi akinikuta sokoni huniuliza kama mlango hajambo, nami humpelekea Nikodemo salamu. Jibu lake ni lilelile: "Mwambie unafunguka vizuri."