Mlinzi wa Mtihani Wangu

Cheti changu cha rezo, yaani mitandao ya kompyuta, kilibakiza siku nne za kuishi. Kila miaka mitatu lazima ukifanye upya kwa mtihani wa mtandaoni, na bwana aliyeniajiri kutunza mashine za mawasiliano kule mgodini alishasema wazi: Ijumaa bila cheti kipya, kazi anapewa mwingine. Nilikuwa nimeanguka mara moja tayari, wala si kwa ujinga. Nikiwa katika swali la kumi, jirani aliingia na simu mbili mkononi akitafuta pa kuchaji, maana hapa mtaani Katuba mwenye panneau ya jua juu ya bati ndiye courant, ndiye umeme wa parcelle nzima, nyumba zote za uani. Msimamizi wa mtihani, anayekutazama kwa kamera kutoka anakokujua yeye, alimwona jirani akafunga mtihani palepale. Nilitukana mpaka mbwa akatoka nje. Nafasi ilibaki moja.

Mke wangu ndiye aliyepata dawa. Mama yake alikuwa ametoka Kambove kuja kumwona mjukuu, na kwetu mama mkwe humtazami usoni, humsemeshi, wala hukutani naye mlangoni. Juma zima nilikuwa napitia jikoni kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na kila neno letu lilipitia kwa mke wangu.

"Tutamwikalisha mama ku mulango ya chambre," akasema, akikionyesha chumba chetu cha kulala. "Nani ataweza kumupita?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Walinzi wote wa mgodini na mbwa wao hawamfikii mama mkwe aliyeketi kwenye kiti.

Jumatano saa nne asubuhi mke wangu akambeba mtoto kwenda kumpimisha uzito. Mama mkwe akakaa. Mimi ndani nikafunga mlango, nikaionyesha kamera kitanda, kabati, dari, hata chini ya meza, nikaanza. Maswali yakateremka kama tonge la bukari kwa mboga ya sombe. Nilimsikia yule jirani akikohoa uani, kisha ndara zake zikarudi zilikotoka, mbiombio. Nilitaka kumpigia mama mkwe makofi.

Kwenye swali la thelathini sauti ikaanza nyuma ya mlango. Ilikuwa ya chinichini, mmm, mmm, na haikatiki. Nikafikiri anajiimbia. Kwenye skrini yakatokea maandishi ya Kifaransa: kuna mtu anaongea hapo, ni nani?

Sasa niambie wewe, ungefanyaje? Kumwambia mama mkwe anyamaze, hilo halijatokea tangu babu zetu waanze kuoa. Na wa kumtuma hayupo. Lakini wazee wametuachia kanjia kamoja: ukibanwa kabisa unasema na kitu, na yule uliyemkusudia atasikia. Basi nikaugeukia mlango kwa heshima zote.

"Mulango," nikasema, "nakuomba, unyamaze kidogo."

Sauti nyuma ikakatika. Lakini nyingine, ya msimamizi, kumbe mwanamke, ikatoka kwenye mashine, ikiniuliza kwa Kifaransa kikali naongea na nani. Nikamjibu ukweli: na mlango.

Akaniamuru nibebe kompyuta, nifungue huo mlango, aone kilichoko nyuma yake, la sivyo anafunga mtihani. Ole wangu! Upande huu kazi, upande huu ukwe. Mficha uchi hazai, nikajiambia. Nikageuza mgongo, nikaenda kinyumenyume, kompyuta nimeiinua begani ikitazama mlango, mimi nikitazama kitanda, mkono wa pili ukipapasa kitasa. Nikafungua. Nikasikia kiti kikigonga ukuta na kitenge kikivutwa haraka: mama mkwe naye kajifunika kichwa, kageukia ukutani. Yule mwanamke masikini alikuwa anaona mgongo wa mmoja na sikio la mwingine.

Akauliza kwa nini natembea hivyo. Nikamwambia kwamba yule aliyeko pale ni mama mkwe wangu, na hapo nikafumba macho, nikaanza kuiaga kazi yangu.

Halafu ile sauti ikaacha Kifaransa, ikashika Kiswahili chetu.

"Funga mulango, baba," ikasema polepole. "Usimwangalie. Endelea na kazi."

Kumbe mtoto wa kwetu! Sijui wa Likasi, sijui wa Kolwezi, ameketi huko ng'ambo anasimamia mitihani ya dunia. Nilirudi mezani kicheko kikinibana, nikajibu yaliyobaki huku nimeuma midomo, maana kucheka nako sikujua kama kunaruhusiwa.

Nilimaliza kabla ya muda. Skrini ikafikiri, ikafikiri, ikaandika kwamba nimefaulu. Nilipanda kitandani nikacheza bila muziki, mtu mzima na mvi zangu mbili, hadi ubao mmoja ukavunjika. Furaha ilinizidi peke yangu. Nikaenda nikasimama karibu na mlango uliofungwa.

"Mulango," nikasema, "tumeshinda."

Kisha kiti kikalia.

"Mulango," mama mkwe akasema, taratibu kabisa, "umwambie bwana ya mutoto yangu, ile haikuwa makelele. Nilikuwa namuombea yeye. Na alinikatiza mbele ya kufika kwa amina."

Nikaegemeza paji la uso kwenye mbao, machozi yakinilenga.

"Amina," nikauambia mlango.