Kama Alikataa, Alipanda Kufanya Nini?

Usiku ule nililala na kandambili miguuni. Nilikuwa nimetoka kwa Bi Tatu, mjane wa Fundi Mbwana, na swali alilonipa lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Fundi Mbwana ndiye aliyenipokea saiti, mimi mwanamke wa darasa la nne, nikawa saidia fundi wake miaka mingi, nachota maji, nachanganya zege. Alikufa adhuhuri ile jengo la Bwana Sungwa lilipolala chini, yeye na wenzetu. Mimi nilikuwa nyuma kwenye pipa la maji, ukuta ukanifikia mkono tu. Ndiyo maana nipo na ninawataja watu.

Bi Tatu aliniuliza hivi: "Mwenzangu, kila ukija unaniambia mume wangu alilikataa lile jengo. Haya. Kama alikataa, alipanda kufanya nini?"

Nikaaga, nikaondoka. Mtaa mzima unasema fundi ndiye aliyeua. Kwenye hitima yake walikuja watu wachache, na hao wenyewe nusu walifuata pilau.

Basi nikalala, na chumba changu kikawa hakina ukuta wa mbele. Nikaona niko juu, ghorofa ya tatu, kitanda changu kimesimama kwenye zege bichi na miguu yake inazama polepole. Ni mchana, jua la utosi, lakini hakuna chenye kivuli. Fundi Mbwana amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Amevaa kanzu nyeupe, hana vumbi popote. Sikuwahi kujua kwamba nyusi zake ni nyeusi. Kule saiti saruji ilizifanya za kijivu siku zote.

Amelaza skwea yake, kile chuma cha kupimia kona, juu ya ubao. Anachora mstari kwa penseli, anaigeuza skwea upande wa pili, anachora tena palepale. Mistari inalaliana, inakuwa mmoja. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi alipokuwa hai, kabla hajagusa tofali. Vijana walikuwa wakimtania, "Fundi, kwani chuma kinaota ndoto kikapinda?" Naye alikuwa akiwajibu, "Chombo cha kupimia nacho hupimwa. Hii ikianguka mara moja ikapinda, nitajenga mji mzima umepinda, na kila kona nitakayopima itaniambia iko sawa."

"Fundi," nikamwambia, "wamekuzika pamoja na kosa lao."

Hakuinua macho. "Walisemaje?"

Na tayari tuko kwenye ule ukumbi walikofanya uchunguzi wa ajali yetu, na mkaguzi wa majengo Lameki amesimama mbele na tai yake. Huyu Lameki alikuja kukagua jengo letu akiwa amesimama barabarani. Alifumba jicho moja, akalinganisha nguzo zetu na ghorofa ya jirani, akasema zimelingana. Jamani, ghorofa ya jirani yenyewe imeinama, hata mbuzi wa mtaa ule hawalali chini yake! Fundi alimtundikia timazi pale pale, uzi ukaning'inia na kuachana na nguzo upana wa kiganja. Lameki akatazama simu yake. Bwana Sungwa mwenye jengo akacheka, akampiga fundi begani. "Mzee wangu, mjini humu yote yako hivyo. Ndiyo norm."

Neno hilohilo la Kiingereza Lameki alikwenda kulisema ukumbini. Norm inaruhusu hivi, norm inataka vile, fundi alitoka nje ya norm. Mimi nikanyoosha huu mkono uliobaki mzima. Nikasema asubuhi ile ya ajali nilimsikia fundi kwa masikio yangu akikataa kumwaga zege la juu, nikauliza, na hiyo norm aliyotoka nje yake ni nyumba gani, ina mlango upande gani? Watu wakacheka. Mwenyekiti akaniambia, "Mama, kaa chini, haya ni mambo ya kitaalamu." Nikakaa. Bwana Sungwa alikuwa anatafuna karanga.

Lakini kwenye ndoto Lameki anafungua kinywa na sauti haitoki. Kwenye viti wamekaa mafundi, wafu watupu, wa kila taifa. Wengine wana vilemba, wengine vifua wazi, wengine wamevaa nguo ambazo sijui hata zinavaliwaje. Fundi Mbwana ananionyesha mmoja mfupi, mguu wake umepondeka.

"Yule Mrumi," ananiambia. "Jiwe lilimwangukia zamani sana, hata babu wa babu zetu hawajazaliwa. Huku ni jirani yangu. Muulize hilo neno, norm."

Sijui alisema lugha gani, ila nilimwelewa. Aliinua skwea ya mbao, imelika kwa kushikwa.

"Norma," akasema. Akaishusha.

Fundi anacheka kile kicheko chake cha puani. "Umesikia, Mama Zawadi? Ndiyo skwea hiyo, kwao iliitwa hivyo. Fundi akikuambia kitu kimefuata norma, ana maana kona imekaa wima, basi, hakuna siri. Wasomi wakalipenda, wakaanza kuita hivyo kila sheria. Likatembea mpaka likafika kwa Waingereza, wakalikata mkia. Likakaa huko, likazeeka, likawa linataja tu yale ambayo watu wengi wanayafanya, yawe yamenyooka, yawe yamepinda. Sasa Sungwa na Lameki wanalitumia kukunyamazisha."

"Na chombo chenyewe?"

"Chombo walimwachia huyu."

Mrumi anatazama mguu wake.

Nikaona nimepata. Nikajiona nimesimama mbele ya Lameki, nalitema hilo neno na ukoo wake wote usoni pake. Fundi akanisoma.

"Usijisumbue," akasema. "Utamwambia, atakushukuru, kesho ataliingiza kwenye hotuba."

Tunashuka ngazi sasa, na kila tukishuka tunazidi kuwa juu. Chini naona pipa langu la maji, dogo kama kikombe. Najua ni lazima niulize kabla hatujafika, na hatufiki.

"Fundi, Bi Tatu anauliza."

Anasimama. Naona vumbi limeanza kwenye upindo wa kanzu yake, linapanda taratibu.

"Anauliza, kama ulikataa, ulipanda kufanya nini?" Na kabla hajajibu nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi, mgumu. "Sema ulipanda kuwashusha wenzako. Fundi, nakuomba, sema hivyo. Nitampelekea asubuhi hii hii."

Vumbi likamfika kifuani.

"Nilikataa asubuhi," akasema. "Sungwa akampigia simu fundi mwingine, mbele yangu. Wenzangu wakapanda wote. Nikabaki kwenye rundo la mchanga na skwea yangu mapajani, wao wako juu wananitazama. Mtu mzima nimekaa kama mgeni wa harusi. Niliona aibu, Mama Zawadi. Nikapanda."

"Na ulijua limeinama."

"Nilijua. Nilipanda na macho yangu mawili."

"Sasa nimwambie nini mkeo?"

"Mwambie hivyohivyo," akasema, na nyusi zake zilikuwa zimeshageuka kijivu. "Usininyooshe."

Nikaamka nimekaa kitandani, mdomo umenikauka, kandambili moja imenitoka mguuni. Nje kulikuwa kunapambazuka. Nililia, sitaficha. Nilikuwa nimelala nikitafuta la kumsafisha, nikaamka na hili.

Hata hivyo majina ni yaleyale. Sungwa aliua, na Lameki aliua. Fundi Mbwana aliona aibu. Wasije watu wakayachanganya hayo mawili kwa sababu yote yako ghorofa moja. Sungwa ameanza jengo lingine ng'ambo ya barabara, tayari mirunda ya kupandia imesimama, na Lameki ameshapita kukagua. Vijana wanapanda. Niliwapigia kelele juzi, mmoja akanijibu, "Bibi, si kila mtu anapanda?"

Asubuhi ile ya ndoto nikajifunga khanga nikaenda kwa Bi Tatu. Nilimkuta amechutama anapuliza moto wa chai. Njia nzima nilikuwa nikiujaribu uongo, mzuri, mtamu, mume amepanda kuokoa watu. Nilipofika haukutoka. Nikamwambia kama nilivyoambiwa.

Hakulia. Aliendelea kupuliza, moshi ukamjaa usoni.

"Aibu?" akauliza.

"Aibu, Bi Tatu."

"Ya wale vijana wa saiti yake?"

"Ya wale vijana."

Akaketi chini kabisa, kwenye vumbi, akaliacha jiko.

"Si angerudi tu nyumbani," akasema. "Ningemcheka siku moja, yakaisha."