Mafuta Mekundu Mgongoni mwa Mbuzi

Gari langu lilitengenezwa Japani, likaingilia mpakani Kasindi, na linabadilisha vitesi, yaani gia, lenyewe. Mafundi wengi wa Butembo wakisikia hilo hufunga kapo, kile kifuniko cha injini, polepole na kukutakia safari njema. Ndiyo maana nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha Kifaransa nilichokisoma mara mbili nikiwa na kalamu mkononi.

Kitabu kinaeleza vizuri. Mafuta ya boîte, yaani sanduku la gia, hutoka yakiwa moto, hupita katika tiyo, bomba nyembamba, hadi kwenye radiateur, hupoa, kisha hurudi kwa tiyo ya pili. Yakirudi kidogo mno, boîte inaungua. Yangu yalikuwa yanavuja, kwa kuwa tiyo ya kurudia ilikuwa imeliwa na kutu. Nilikata sehemu iliyooza, nikaunganisha kwa mpira unaovumilia mafuta moto, nikaukaza kwa kolie mbili, zile pete za chuma zenye skrubu. Kitabu kilitaka ncha ya chuma itunishwe kidogo kwanza, ili mpira usiteleze. Sikuwa na chombo cha kutunishia. Nikaandika katika daftari: «Si lazima sana.»

Asubuhi moja ya ukungu nikatandika katoni chini ya gari na kuacha injini ikinguruma nusu saa. Katoni ilibaki kavu. Nikaiandika hiyo pia.

Kesho yake tulipeleka mahari Beni. Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyekuwa anaoa, na mimi, baba yake mdogo, nilichaguliwa kuwa msemaji. Mbuzi wengine walikuwa wametangulia kwa lori. Aliyebaki, jike mweupe wa kupewa shangazi wa bibi harusi, alisafiri nasi, nyuma. Watu wa ukoo ule wana sharti moja: mbuzi wa shangazi afike bila jeraha. Akiwa na jeraha, mahari yote inarudi, na siku nyingine inatafutwa. Kijana wetu alikuwa ameshangoja miaka mitatu.

Tulifika vizuri. Nikamfunga mbuzi kwenye bampa ya mbele, tukaingia kusalimu. Jua la Beni si la Butembo, na mbuzi si mjinga. Aliingia chini ya gari, kwenye kivuli, akalala.

Shangazi alipotoka kumtazama, tulisikia ukelele mmoja tu.

«Hii mbuzi iko natoka damu!»

Mgongo mweupe wote ulikuwa mwekundu. Nikachungulia chini ya gari, nikaona mpira wangu ukidondosha, nikaelewa mara moja, kwa uchungu. Katika baridi ya Butembo mafuta ni mazito na hayapiti penye upenyo. Yakipata moto wa kilomita hamsini na jua la Beni juu yake, yanakuwa mepesi kama maji. Nilikuwa nimepima Butembo jambo la kutokea Beni.

«Mama, ile hapana damu. Ni mafuta ya gari.»

«Mafuta ya gari ni nyeusi. Batoto yangu bote ni bashofere, unanidanganya mimi?»

«Ile nyeusi ni ya moteur. Hii ni ya boîte.»

«Bokilo, mukwe wangu, boîte gani inakuwaka na damu?»

Kijana wetu alinivuta koti. «Baba mudogo, fanya kitu. Bakisema turudi, mimi hapana rudi. Nitabaki hapa na mbuzi.»

Nikaomba chupa tupu ya maji. Nikalala chini na koti langu la sherehe, nikachomoa mpira wa kurudia, nikauingiza chupani, nikamwambia kijana awashe injini. Ukoo mzima ulichuchumaa kutazama. Mafuta mekundu yakajaa, nami nikahesabu kwa sauti. Alipozima, nikatangaza: «Lita moja kwa sekunde makumi mbili. Inarudi vizuri.» Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Shangazi alichovya kidole, akanusa, akakunja uso.

«Bon. Mugonjwa ni gari. Lakini mbuzi, sijaona ngozi yake. Muioshe hapa, mbele yangu.»

«Nani ataiosha, mama?»

«Mwenye mafuta.»

Kwa hiyo msemaji wa ukoo wetu alipiga magoti katika uwanja wa wakwe, na sabuni ya kipande na ndoo mbili. Mafuta yale hayatoki haraka. Nilisugua mara tatu, na mbuzi alinipiga teke kila mara. Shangazi alifuata nyuma ya mikono yangu, akitenganisha manyoya kwa vidole, kuanzia shingo hadi mkia. Hakupata hata mkwaruzo. Akasimama, akapiga kigelegele, wanawake wa ndani wakaitika. Kijana wetu akaishika kamba ya mbuzi, asiingie tena chini ya gari.

Nikaitwa nitoe hotuba. Niliitoa nikiwa nimelowa hadi kiunoni, magoti mekundu, na kama nilivyokuwa nimeiandaa, nilisema sisi ni watu wasafi na wa utaratibu. Wakwe walipiga makofi, na shangazi alipiga kwa muda mrefu kuliko wote.