Uwele wa Mwakani

Ninyi mnaoandika kwenye ukurasa huu kwamba Mkristo mwenye huzuni imani yake ni ndogo, hebu nyamazeni kidogo. Mwezi uliopita mmoja wenu aliandika kwamba kushukuru ni kufungua kinywa tu. Kinywa hata mbuzi anafungua. Leo nasema mimi, na mtanisikiliza mpaka mwisho, maana herufi hizi nimejifunza darasa la ubatizo nikiwa na mvi, na barua hii nimeiandika kwa mkono wangu siku tatu.

Umri wangu siujui. Mdachi alipojenga boma lake huku Ugogo nilikuwa nimeshazaa binti yangu, naye alikuwa anachunga ndama. Mimi ni mjane, mkulima, na kwa uwele hakuna mwanamke wa upande huu wa Mvumi aliyewahi kunishinda. Jina langu mwenye gazeti amesema atalificha. Sawa, alifiche.

Mvua ilikata miaka miwili. Mwaka wa pili askari wa Mdachi walipita wakakomba vilindo, yale mapipa yetu ya gome tunayowekea nafaka, wakalishe wapagazi wao. Hawakuona mbegu. Masuke ya mbegu mimi huyatundika juu ya meko, chumba cha ndani, yashike moshi mdudu asiyaguse, na safari hiyo nilikuwa nimeyafunika kwa ngozi ya ng'ombe. Majirani walipouliza nikasema askari wamechukua vyote. Binti yangu naye nikamwambia hivyo hivyo. Ukisema una mbegu wakati wa njaa, huna tena mbegu. Mama yangu alinifundisha kwamba aliyepika mbegu amewapika watoto wa mwakani.

Mume wa binti yangu alikuwa amepelekwa kazi ya reli. Basi binti akaniletea mtoto wake, msichana wa miaka kama mitano, yeye akaenda na wanawake wenzake Kondoa kwa Warangi, kubadilisha shanga kwa nafaka. Akaniambia, "Mama, chochote kitakachopatikana, mpe yeye kwanza."

Nikamjibu, "Nenda zako, unanifundisha kulea?"

Mtoto huyo nilimwita mke mwenzangu, kama bibi wanavyowatania wajukuu. "Mke mwenzangu, leo unanipikia nini?" Naye, "Mimi nilipika jana, leo zamu yako." Tukicheka hivyo tumbo likiwa tupu. Nilimpa maji ya ubuyu, nikampa mlenda mkavu usio na ugali, nikachemsha na mizizi. Siku ya kumi miguu ikamvimba, akawa analala chali tu chumba cha ndani. Ile ngozi ya ng'ombe juu ya meko ilikuwa imeteleza upande mmoja. Akayaona masuke.

"Bibi, uwele ule wa nani?"

"Wa mwakani."

Akafikiri. "Mwakani ni lini?"

Nikamwambia alale, na asimwambie mtu, hata mama yake. Hakulia wala hakuomba. Alikuwa anautazama tu. Siku ya tatu baada ya hapo akafa, mchana, akiutazama. Mama yake akarudi kesho yake na kibuyu cha mtama begani. Akaniuliza swali moja: "Hakukuwa na kitu kabisa, mama?"

Nikasema hakukuwa.

Mvua ikaja. Nikatoa mbegu, nikapanda, nikagawa kwa viganja nyumba kwa nyumba. Walipouliza imetoka wapi, nikasema kwa Mungu. Mwalimu wa kanisa letu akahubiri juu ya yule mjane wa kwenye Biblia ambaye unga wake haukuisha, akaninyooshea mkono mbele ya watu, nami nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Wengi walibatizwa mwaka ule kwa ajili ya uwele huo. Binti yangu alikuwamo. Hata mimi.

Sasa sikilizeni, ninyi wa kufungua kinywa. Furaha naijua. Uwele ukisimama, watoto wakaanza kunenepa, wimbo ukaimbwa, moyo wangu unaruka kweli. Namshukuru Mungu kwa kila suke. Na hapo hapo, katikati ya wimbo, jua likiwa kali nje, nasikia mwakani ni lini. Nikiwa dunguni nafukuza ndege, nasikia. Nikisaga, nasimamisha jiwe nisikie vizuri. Sauti haina hasira. Ingekuwa na hasira ningeshaizoea.

Msiniambie nilifanya vema kuwaokoa wengi. Hilo nimeshajiambia. Mbegu yote isingepikwa, najua. Lakini mama yake alikuwa amebakiza siku moja ya njia. Suke moja lingemfikisha mtoto.

Kila mavuno ungo wa kwanza wa shukrani napewa mimi niupeleke mbele. Mwaka jana nikirudi kukaa, binti yangu akanishika mkono. "Mama," akasema, "namshukuru Mungu kwa mengi, lakini kwanza kwa ajili yako. Bila wewe siku zile ningeanguka." Tangu hapo shukrani hainipiti kooni. Nikimwambia, nitampoteza, na sina mwingine. Nisipomwambia, ninampelekea Mungu ungo uliofunikwa ngozi.

Wenzangu huandika hapa, nishaurini. Mimi siombi ushauri, na pole zenu kaeni nazo. Gazeti hili husomwa kanisani kwetu baada ya ibada, maana wengi hawajui kusoma. Mwalimu, unayesoma sasa hivi, usiruke mstari wala usinitazame. Na wewe binti yangu, umeshajua ni nani. Jumapili ya mavuno ungo wa kwanza beba wewe. Ukifika mbele, geuka, uniulize mbele ya watu wote: "Mama, uwele ule ulikuwa wa nani?"

Uulize kwa sauti, nisije nikasema sikusikia.