Maji Kwanza, Chai Baadaye

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya meno hapa Eldoret, Daktari Mkuu alinikabidhi koleo. "Hapa tunang'oa," akasema. "Jino likicheza, toa." Nilitii, lakini moyo ulikataa.

Baada ya machafuko ya uchaguzi akaja Mama Njeri, mwenye duka katika mtaa wa Munyaka. Duka lilikuwa limechomwa, naye alikuwa akiishi kambini. Ufizi ulitoka damu na meno ya mbele yalicheza. Mkuu akachungulia mara moja tu. "Toa yote."

Mama akanishika mkono. "Haki, daktari, nyumba wamechukua, duka wamechukua. Hata meno?"

Nilikasirika, si kidogo! Nikamwomba Mkuu aniachie mgonjwa huyo. "Haya," akasema, "lakini yasipokaza, utayang'oa wewe mwenyewe."

Nikamtia ganzi, nikakwangua ugaga, ule uchafu uliogeuka jiwe, mpaka kwenye mizizi chini ya ufizi. Kisha nikampa tembe za doksisaiklini, dawa ya kuua vijidudu, ila za kipimo kidogo, asubuhi na jioni. Nyinyi vijana mnaoanza udaktari wa meno, msidanganyane: kipimo hicho hakiui vijidudu. Hutuliza vimeng'enya vya mwili wenyewe vinavyokula ufizi. Na bila kukwangua, ni kazi bure.

Baada ya wiki kadhaa akarudi, ufizi ukitoka damu ile ile. Mkuu akalisogeza koleo karibu nami.

"Mama, dawa unameza na nini?" nikauliza.

"Na chai. Si ndivyo dawa humezwa?"

"Ya rangi, bila maziwa?"

"Ya rangi! Kwani mimi ni mfungwa? Maziwa tupu."

Kumbe! Maziwa huishika dawa hiyo tumboni, isiingie vizuri kwenye damu. Na hapa kwetu, nani humeza tembe na maji? Nikamwagiza: maji kwanza, chai baadaye sana. Akanuna, akatii. Nikamkwangua tena, na baada ya miezi kadhaa ufizi ukakaza. Mkuu akayasukuma meno yale kwa kidole, moja baada ya jingine. "Kuanzia leo," akasema, "kila mgonjwa aulizwe anameza na nini."

Sasa nimestaafu. Nyinyi mna mashine nzuri kuliko zetu, na nafurahi. Lakini mgonjwa asipopona, mwulizeni anavyoishi kabla ya kushika koleo.

Juzi Mama Njeri alitualika katika duka lake alilolijenga upya, mimi na Mkuu, wazee watupu. Akatuchomea mahindi ya kutoka mashamba ya Moi's Bridge, yale magumu. Yeye aliyang'ata moja kwa moja kwenye gunzi, akiongea na kucheka. Mkuu, ambaye siku hizi ana meno ya bandia, alipukuchua punje kwa vidole.